Mpaka wa Reli Ujulikane Kabla ya Nyumba Kuuzwa

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi. Kwa viongozi wa Shirika la Reli Tanzania (TRC) na wa Mamlaka ya Reli ya Tanzania na Zambia (TAZARA). Kwa wakurugenzi wa halmashauri, pamoja na wenyeviti wa mitaa na vijiji vinavyopitiwa na reli.

YAH: UUZAJI NA UNUNUZI WA NYUMBA NA VIWANJA KANDOKANDO YA RELI

Waheshimiwa,

Ununuzi wa nyumba au kiwanja ndio mkataba mkubwa kuliko yote ambayo familia nyingi za Tanzania huingia katika maisha yao, na kwa kawaida fedha zake hutoka mahali ambapo haziwezi kutoka mara ya pili: kiinua mgongo cha mstaafu, akiba ya miaka mingi ya vikoba, mauzo ya shamba la urithi au mkopo unaokatwa kwenye mshahara. Mkataba huo unapohusu eneo lililo jirani na reli, mnunuzi huingia humo akiwa na upungufu ambao bidii yake peke yake haiwezi kuuziba, kwa kuwa reli anaiona kwa macho lakini mpaka wa ardhi ya reli haonyeshwi. Barua hii inaomba kwamba mpaka huo uonekane ardhini na utajwe kwa maandishi kabla fedha hazijatoka mkononi mwa mnunuzi, badala ya kujulikana siku ambayo ukuta unachorwa alama ya X.

Istilahi inayobeba uzito wa suala hili ni hifadhi ya reli, yaani ukanda wa ardhi ulio pande zote mbili za njia ya treni ambao umetengwa kisheria kwa ajili ya usalama wa usafiri, matengenezo ya njia na upanuzi wa baadaye, na ambao makazi hayaruhusiwi kujengwa ndani yake. Kwa kipimo ambacho wananchi wamekuwa wakitangaziwa, ukanda huo ni mita 15 kila upande katika maeneo ya mijini na mita 30 kila upande katika maeneo ya vijijini, kipimo kikianzia katikati ya reli.

Maelezo hayo ni mepesi karatasini, lakini mtu anapochukua futi kamba na kwenda kupima mwenyewe, maswali huanza pale pale anapoitafuta hiyo katikati ya reli. Kutoka Stesheni ya Dar es Salaam kuelekea Pugu, kwa mfano, reli ya zamani yenye geji ya milimita 1,000 (geji ni upana uliopo kati ya pau mbili za reli) na reli mpya inayofahamika kwa wengi kama SGR, yenye geji ya milimita 1,435, zinakwenda kwa kufuatana, na katika jiji hilo hilo ipo pia TAZARA yenye geji ya milimita 1,067, kwa hiyo kiwanja kinaweza kuwa mbali na reli moja na papo hapo kikawa ndani ya hifadhi ya nyingine. Zaidi ya hapo, ardhi ya reli huongezeka upana kwenye stesheni, kwenye njia za kupishania treni, kwenye karakana, na mahali ambapo reli imepandishwa juu ya tuta refu au kupitishwa katika mkato wa kilima, kwa sababu kingo za tuta na za mkato ni sehemu ya miundombinu yenyewe. Mwananchi aliyekariri mita 15 anaweza kupima kwa uaminifu wote, akajenga kwa kujiamini, na bado akawa amejenga juu ya ardhi ya shirika.

Tofauti ya mji na kijiji nayo haikai mahali pamoja. Miji inapanuka, mipaka ya halmashauri inabadilishwa, na Dodoma, ambayo reli inapita katikati yake, ilipandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2018. Eneo lililokuwa kijiji wakati mwenye shamba wa kwanza akilima mtama huwa limekuwa mtaa wakati mnunuzi wa tatu anapomwaga tofali, na katika kipindi chote hicho dalali huchagua kipimo kinachomfaa yeye, yaani mita 15, hata pale ambapo hakuna ofisi iliyomthibitishia kuwa ndicho kipimo halali cha eneo hilo.

Hoja inayotolewa mara nyingi dhidi ya wanaojikuta ndani ya hifadhi ni kwamba reli ilitangulia. Hoja hiyo ina ukweli wa kihistoria usiopingika, kwa kuwa ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, nayo TAZARA ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, wakati ambapo sehemu kubwa ya makazi yaliyosongamana leo kandokando ya njia hizo ilikuwa bado mashamba na mapori. Hata hivyo, kutangulia kwa reli hakuelezi ni kwa njia gani nyumba zilipata kujengwa hapo, zikavutiwa umeme na maji, zikapewa namba za anuani za makazi, kisha zikauzwa mara mbili au tatu mbele ya mashahidi. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia manunuzi ya umeme wa LUKU, na nyumba inayolipa kodi hiyo kila mwezi inaonekana machoni pa mnunuzi wa kawaida kuwa nyumba inayotambuliwa na Serikali. Kumwambia mnunuzi huyo, baada ya miaka kadhaa ya kulipa, kwamba alipaswa kujua kuwa yeye ni mvamizi ni kumtwisha peke yake kosa ambalo ofisi nyingi zilishiriki kulificha, hata kama hakuna hata moja iliyokusudia.

Ofisi iliyo karibu zaidi na muamala wenyewe ni ya serikali ya mtaa. Katika maeneo ambayo hayajapimwa, mauziano ya nyumba hufanyika kwa karatasi inayoandikwa na muuzaji na mnunuzi, ikashuhudiwa na majirani wa mipakani na kugongwa muhuri wa mwenyekiti au mtendaji wa mtaa, na karatasi hiyo ndiyo inayohifadhiwa kabatini kana kwamba ni hati miliki. Kisheria, muhuri huo unathibitisha tu kwamba watu fulani walikubaliana kuuziana mbele ya kiongozi; hauthibitishi kwamba muuzaji alikuwa na haki ya kuuza, na kanuni ya sheria za mali ni kwamba mtu hawezi kumhamishia mwenzake haki ambayo yeye mwenyewe hana, iwe amelipwa shilingi milioni mbili au milioni mia mbili. Mnunuzi hafahamu tofauti hiyo. Kwake yeye muhuri ni Serikali, na Serikali isingegonga muhuri juu ya ardhi yake yenyewe.

Wenyeviti wa mitaa hawastahili kulaumiwa kwa pamoja katika hili, kwa sababu wengi wao hawajawahi kukabidhiwa ramani yoyote inayoonyesha mpaka wa reli katika maeneo yao. Wanachokijua wamekirithi kwa mdomo kutoka kwa waliowatangulia, na urithi huo hukatika kila baada ya miaka mitano uchaguzi wa serikali za mitaa unapofanyika, kama ulivyofanyika Novemba 2024, ambapo viongozi wapya waliingia ofisini wakakuta muhuri, daftari na kiti. Ujuzi wa mpaka wa ardhi ya umma hauwezi kuachwa ukae kichwani mwa mtu ambaye muda wake wa kazi una mwisho, na ndiyo maana barua hii inasisitiza ramani itakayobandikwa ukutani mwa ofisi na kubaki hapo viongozi wanapobadilika.

Wapo watakaojibu kwa kanuni ya kale ya biashara isemayo kwamba mnunuzi ajihadhari, yaani jukumu la kuchunguza kasoro za kitu ni la yule anayekinunua. Kanuni hiyo ina busara yake pale ambapo kasoro inaweza kuonekana kwa mtu mwenye macho na subira, kama ufa wa ukuta au bati lililotoboka. Kasoro ya hifadhi ya reli haionekani hivyo. Mawe ya mipaka, ambayo mafundi wa upimaji huyaita bikoni, mara nyingi yamefukiwa na kifusi, yameng'olewa au yamemezwa na misingi ya nyumba; michoro ya mipango miji ipo katika ofisi za ardhi ambako mnunuzi wa nyumba isiyopimwa haambiwi aende, kwa kuwa nyumba hiyo haina namba ya kiwanja ya kutafutia; na kando ya reli hiyo hiyo vinaonekana vibanda vya biashara na bustani za mboga ambavyo pengine vimeruhusiwa kwa muda, lakini ambavyo mpita njia huvichukulia kuwa ushahidi kwamba eneo linaruhusu kujengwa. Kujihadhari kunahitaji taarifa, na mwenye taarifa katika jambo hili ni mmoja tu, ambaye ni Serikali kupitia wizara yake, halmashauri zake na mashirika yake ya reli.

Uzito wa kukosa taarifa hiyo hudhihirika pale suala la fidia linapofika. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 imeweka miongoni mwa misingi yake kwamba ardhi ya mtu inapotwaliwa kwa manufaa ya umma, mwenyewe alipwe fidia kamili, ya haki na ya haraka, na kanuni zilizotungwa mwaka 2001 zimeeleza kwamba fidia hiyo inajumuisha thamani ya ardhi na maendelezo yaliyofanyika juu yake, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi na hasara ya faida kwa mwenye biashara, pamoja na riba malipo yanapocheleweshwa. Ulinzi huo wote ni wa yule ambaye ardhi yake ilikuwa nje ya hifadhi ikahitajika baadaye. Aliyejenga ndani ya hifadhi iliyokwisha kuwepo hana cha kudai isipokuwa huruma. Kwa hiyo nyumba mbili zilizotenganishwa na uchochoro, zilizojengwa kwa saruji ile ile na kununuliwa kwa bei inayokaribiana, zinaweza kuwa na hatima mbili zisizofanana hata kidogo, moja ikimpa mwenyewe uwezo wa kununua kwingine na nyingine ikimwachia kazi ya kuokota mabati yake kabla tingatinga halijafika. Mstari unaozitenganisha hatima hizo haujachorwa mahali popote ambapo wanunuzi hao wawili wangeweza kuuona.

Mfano wa barabara unafaa kukumbukwa hapa, kwa sababu nchi imekwisha kupita katika njia hii. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, na kwa miaka mingi baada ya hapo wananchi, watendaji na mahakama walibaki wakibishana juu ya nani alijenga lini na ndani ya mita ngapi. Gharama ya mabishano hayo, kwa familia na kwa miradi iliyosubiri, ilikuwa kubwa kuliko gharama ya kusimika nguzo za mpaka na kusambaza ramani. Reli haihitaji kurudia somo hilo.

Hadi hapa barua imezungumzia ardhi isiyoruhusiwa kuuzwa. Iko pia ardhi inayoruhusiwa, iliyo nje ya hifadhi lakini karibu na reli, na mnunuzi wa nyumba iliyopo hapo naye anastahili kuelezwa anachokinunua. Madalali hutangaza viwanja vilivyo "karibu na SGR" kana kwamba ukaribu wa reli na ukaribu wa stesheni ni kitu kimoja. Kati ya Dar es Salaam na Morogoro, umbali wa takriban kilomita 200, vituo vya katikati vya reli hiyo ni Pugu, Soga, Ruvu na Ngerengere tu, na kiwanja kilicho mita 60 kutoka relini lakini kilomita 20 kutoka stesheni kinapata kishindo cha treni bila kupata usafiri wake. Thamani ya stesheni ni ya kweli, na tangu safari za abiria zilipoanza Juni 2024 hadi Morogoro na Julai mwaka huo huo hadi Dodoma imeonekana wazi; lakini thamani hiyo hupungua kadiri mtu anavyokwenda mbali na jengo la stesheni, hata akiwa bado anaiona reli dirishani.

Kelele za treni zina vyanzo zaidi ya kimoja, kwani ipo sauti ya magurudumu yanaposuguana na reli, ipo ya injini ya dizeli kwa treni za reli ya zamani, ipo mishindo pale ambapo vipande vya reli vimeungwa kwa boliti, na ipo honi, ambayo dereva analazimika kuipiga anapokaribia makutano ya reli na barabara. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo lililoutoa mwaka 2018 kwa ajili ya Ulaya, lilipendekeza kelele za reli zisizidi wastani wa desibeli 54 kwa siku nzima na desibeli 44 kwa usiku, likizingatia athari zake kwa usingizi na afya. Desibeli ni kipimo cha sauti kisichopanda kama mita au kilo, kwa sababu ongezeko la desibeli 10 humaanisha nguvu ya sauti imekuwa mara 10. Tanzania inazo kanuni zake za mwaka 2015 za viwango vya kelele na mitetemo, lakini kanuni hizo huongelewa zaidi kuhusu baa, viwanda na nyumba za ibada kuliko kuhusu chumba cha mtoto kilicho mita 40 kutoka njia ya treni za mizigo za usiku.

Mitetemo nayo inahitaji kuelezwa kwa usahihi, kwa sababu watu huikuza au huipuuza kupita kiasi. Kwa kawaida mtikisiko unaosafiri ardhini kutoka kwenye treni ni mdogo kuliko ule unaoweza kuvunja nyumba yenye msingi mzuri, ingawa unatosha kumwamsha mtu na kugonganisha vyombo kabatini. Nyumba ya tofali lenye saruji kidogo, isiyo na mkanda wa zege na iliyosimama juu ya udongo wa kujaza, ni jambo jingine, na nyumba za namna hiyo ndizo nyingi katika makazi yasiyopangwa. SGR imesanifiwa kubeba hadi tani 35 kwa kila ekseli, yaani kwa kila jozi ya magurudumu na mhimili wake, na uzito huo ni mkubwa mno ukilinganishwa na ule uliozoeleka kwenye reli ya zamani, hivyo nyumba ambayo haikuonyesha ufa kwa miaka 30 haipaswi kutumiwa kama dhamana ya miaka 30 ijayo.

Maji ni hatari ambayo haitajwi kabisa wakati wa kuuziana, pengine kwa sababu viwanja vingi huonyeshwa wakati wa kiangazi. Tuta la reli ni ukuta mrefu uliokatiza mtiririko wa asili, na maji yaliyokuwa yakisambaa juu ya uwanda mpana hulazimishwa kupita kwenye makalavati na madaraja machache, kwa hiyo kiwanja kilicho upande wa juu wa tuta kinaweza kugeuka bwawa na kile kilicho mbele ya mdomo wa kalavati kinaweza kukatwa korongo kwa mvua moja. Wakazi wa bonde la Mkondoa, kati ya Kilosa na Gulwe, hawahitaji kufundishwa jambo hili, kwani mafuriko yamekuwa yakiing'oa reli ya zamani yenyewe katika eneo hilo mara kwa mara, na mahali ambapo maji yana nguvu ya kubeba mataruma hapawezi kuwa salama kwa msingi wa nyumba.

Umeme wa SGR hupita katika nyaya za juu zenye nguvu ya volti 25,000, na kwa nguvu hiyo mtu hahitaji kuugusa waya ili adhurike. Inatosha kuukaribia mno akiwa na nondo, bomba la chuma au tawi bichi. Treni yenyewe, inapokwenda kilomita 160 kwa saa, hupita takriban mita 44 kwa kila sekunde moja, na kwa sababu hiyo njia imezungushiwa uzio na watu wametengewa vivuko vya juu na vya chini. Uzio huo ni wa lazima, lakini umeyabadilisha makazi: shule, kisima, zahanati au msikiti uliokuwa umbali wa dakika tano sasa unaweza kuwa upande wa pili wa kivuko kilicho mbali, na mnunuzi anayeoneshwa nyumba siku ya Jumapili mchana hawezi kulijua hilo asipoambiwa ni wapi kivuko kilipo.

Nchi nyingine zimeanza kulichukulia suala hili kuwa sehemu ya mkataba wa mauzo. Nchini Kanada, mwongozo uliotolewa mwaka 2013 na chama cha makampuni ya reli pamoja na shirikisho la manispaa ulipendekeza kwamba nyumba mpya zikae angalau mita 30 kutoka mpaka wa ardhi ya njia kuu ya reli, kwamba athari za kelele zichunguzwe hadi umbali wa mita 300, na kwamba mikataba ya mauzo na ya upangaji iwe na kifungu cha tahadhari kinachomweleza mnunuzi kuwa reli iko jirani na shughuli zake zinaweza kuongezeka. Julai mwaka huo huo, katika mji wa Lac-Mégantic, treni iliyobeba mafuta ghafi iliserereka bila dereva, ikaanguka katikati ya mji na kuua watu 47. Reli za Tanzania nazo husafirisha mafuta kupeleka bara, na mabehewa hayo hupita katikati ya makazi yaliyobanana ambako gari la zimamoto halina hata upana wa kuingilia. Kutaja hilo hakukusudii kuwatisha watu waikimbie reli, ambayo ni mali yao na fahari yao. Kunakusudia kuonyesha kwamba umbali kati ya njia ya treni na kitanda cha mtu ni suala la sera, halipaswi kuachwa litatuliwe kwa mapatano ya muuzaji mwenye shida na mnunuzi mwenye haraka.

Jambo hili haliwezi kusubiri, kwa sababu reli inaendelea kujengwa. Kazi zinazoelekea Tabora, Isaka, Mwanza na Kigoma zinapita katika maeneo ambayo ardhi ilikuwa ikiuzwa kwa ekari na sasa inaanza kukatwa vipande vya futi 50 kwa 50 ili kuwauzia wanaoamini kwamba stesheni itakuwa mlangoni mwao. Kila kipande kinachouzwa leo bila mpaka kujulikana ni kesi ya fidia au ya ubomoaji ya kesho, na katika maeneo hayo nchi bado ina nafasi ya kuuweka mpaka wa reli mbele ya wanunuzi kabla makazi hayajaufunika.

Kwa sababu hizo, mashirika ya reli yanaombwa kukabidhi kwa kila ofisi ya mtaa na ya kijiji inayopitiwa na njia zao ramani inayosomeka na mtu asiye mpimaji, inayoonyesha upana halisi wa ardhi ya reli mahali hapo, zikiwemo sehemu za stesheni na za njia zilizopangwa, na kusimika upya bikoni zilizopotea kwa nguzo ndefu zenye rangi, ambazo mtu ataziona bila kufukua. Halmashauri zinaombwa, zinapoandaa michoro ya mipango miji na zinapofanya urasimishaji, yaani kazi ya kuyapima na kuyatambua kisheria makazi yaliyojengwa bila mpango, ziache ukanda wa ziada nje ya hifadhi kwa ajili ya barabara za mitaa, miti, maghala na maegesho, ili safu ya kwanza inayotazamana na reli isiwe ya vyumba vya kulala wala madarasa. Wizara inaombwa kutoa waraka utakaozuia muhuri wa mtaa au wa kijiji kugongwa juu ya mauziano yoyote ya ardhi iliyo ndani ya mita 100 kutoka relini mpaka iambatishwe karatasi ya uthibitisho wa umbali, itakayotolewa bila malipo au kwa ada ndogo na ndani ya siku zinazohesabika, kwa sababu uthibitisho unaochukua miezi sita utawarudisha watu kwenye mauziano ya gizani.

Kuhusu familia ambazo tayari zimenunua na zinaishi ndani ya hifadhi bila kujua, sheria haiwapi fidia, na barua hii haiombi sheria ivunjwe. Inaomba wapewe notisi ya muda wa kutosha, inayozingatia mihula ya shule na msimu wa mvua. Inaomba muuzaji aliyeuza akijua afuatiliwe kwa jina lake badala ya mnunuzi kubaki peke yake mbele ya tingatinga. Na inaomba halmashauri zinazogawa viwanja vipya ziwape watu hao nafasi ya kununua kwa bei ya Serikali na kwa malipo ya awamu. Kule Kibera na Mukuru, jijini Nairobi, nchi jirani ya Kenya ililazimika kujenga nyumba na vibanda vya biashara kwa ajili ya watu waliokuwa wakiishi juu kabisa ya njia ya reli, na kazi hiyo ilichukua miaka na fedha nyingi. Tanzania ina makazi machache yaliyofikia hali hiyo, na idadi hiyo isiachwe iongezeke.

Wakati waraka wa Wizara ukisubiriwa, kila anayefikiria kununua nyumba au kiwanja jirani na reli anashauriwa afike kwanza katika ofisi ya ardhi ya halmashauri na katika ofisi ya shirika la reli linalohusika, akiwa na mchoro wa eneo au namba za majira ya nukta kutoka kwenye simu yake, aombe jibu la maandishi kuhusu umbali wa eneo hilo na hifadhi, na asimpe muuzaji wala dalali hata shilingi ya kishika uchumba kabla jibu hilo halijawa mkononi mwake.